Pembe Aliyoiondoa Msasa

Kiwandani walimwita Msasa, na jina hilo lilimganda kama ngozi yake mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kuchora kwenye kompyuta vitu vya plastiki ambavyo baadaye humiminwa kwenye kalibu: vifuniko vya ndoo, mipini ya sufuria, miguu ya viti. Katika kazi hiyo yote hakuna alichokipenda kama kuviringisha pembe. Akiona ukingo mkali hana raha. Atauchagua kwa kipanya, ataandika ulainike kwa milimita ngapi, atabofya, na ukingo uliokuwa kama kisu utainama taratibu na kung'aa kwenye kioo kama kipande cha sabuni kilichokwisha kuogewa. Wenzake walisema siku Msasa akipewa mchoro wa msumari atarudisha gololi.

Hakuwa mtu mbaya. Alipenda sifa tu, na sifa ni kama chumvi, hujui imezidi mpaka uonje.

Ofisi ya wachoraji ilikuwa chumba kimoja juu ya karakana, chenye meza mbili na feni iliyolalamika kutwa nzima. Harufu ya plastiki ya moto ilipanda ngazi bila kubisha hodi. Meza ya pili ilikuwa ya Mama Pacha, mwanamke aliyemtangulia kazini na ndiye aliyemfundisha programu ile tangu siku hajui hata kuchora mstari ukanyooka. Kiwanda kilipopata kazi ya kutengeneza vishikio vya majiko ya gesi, vile vidude unavyovibonyeza na kuvizungusha ili moto uwake, mchoro ulikuwa wa Mama Pacha. Alichora kitu cha duara, na juu yake akapitisha kigongo cha kushikia kwa vidole, kimenyooka toka upande hadi upande. Ncha moja ya kigongo aliilainisha. Ya pili akaiacha na pembe kali, imechongoka kidogo kama mdomo wa kuku.

Kabla hajamaliza, mmoja wa watoto wake pacha akalazwa hospitali, naye akaomba ruhusa. Meneja hakutaka kusubiri. Wenye majiko walikuwa wanampigia simu kila kukicha. Akapanda juu mwenyewe na kusimama nyuma ya kiti cha Msasa.

"Fungua hilo faili la Mama Pacha, ulimalizie. Nataka kitu cha kisasa. Kiteleze."

Msasa akafungua faili, akakigeuza kishikio huku na huku kwenye kioo, akaiona ile pembe.

"Ona hapa," akasema huku akicheka. "Pembe zote kazizungusha, hii moja kaisahau. Ndiyo hivyo, bosi. Mtu akikaa miaka mingi na kompyuta macho yanachoka."

Meneja naye akacheka, na kicheko kile kilimpasha Msasa moyo kama chai ya asubuhi. Akauchagua ukingo, akaandika kipimo, akabofya. Programu ikakataa. Ukatokea mstari mwekundu na maneno ya kusema kwamba pembe ile haiviringishiki kwa kipimo alichotaka, kwa kuwa pale nyuso za mchoro zilipokutana hapakuwa na nafasi. Mwingine angesita akajiuliza kwa nini mchoraji mwenzake aliipanga hivyo. Msasa aliona mashine inamvunjia heshima mbele ya mkubwa wake. Akafuta uso mmoja akauchora upya, akakisogeza kigongo katikati, akabofya tena. Mara hii pembe ikatii. Ncha mbili za kigongo zikawa sawasawa, huwezi kusema hii ya mbele hii ya nyuma. Basi akatia alama ndogo nyeupe ya rangi upande wa mbele, akaugeuza mchoro ili meneja aone mwanga unavyoteleza juu yake.

"Hicho ndicho nilichokuwa nakitaka," meneja akasema, akampiga bega.

Mama Pacha aliporudi, kalibu ilikuwa imeshachongwa na vishikio vya kwanza vimeshatoka. Alikichukua kimoja kwenye sanduku, akafumba macho, akakizungusha vidoleni. Kisha akafumbua macho na kumtazama Msasa.

"Pembe yangu iko wapi?"

"Ipi? Ile uliyoisahau?"

"Sikuisahau. Ile ndiyo inayomwambia mtu jiko limezimwa au linawaka. Likiwa limezimwa, kigongo kimesimama wima. Ukizungusha mpaka mwisho, kwenye moto mdogo kabisa, kigongo kimesimama wima tena, ila kichwa chini. Sasa bila pembe utajuaje kipi ni kipi?"

"Kuna alama nyeupe, dada. Watu wana macho."

"Jikoni watu wanapika kwa mikono," alisema Mama Pacha. "Mvuke umetanda, umeme umekatika, mtoto analia mgongoni. Nani ana nafasi ya kuinama kutafuta alama?"

"Basi nenda kwa meneja umwambie avunje kalibu."

Msasa alijua kwamba hataenda. Mwanamke yule alikuwa ametoka kuuguza, ruhusa yenyewe aliipata kwa kubembeleza, na kazi imeshasifiwa. Akakirudisha kishikio sandukuni, akakaa mezani kwake, na feni ikaendelea kulalamika kwa niaba ya wote.

Majiko yalipoingia madukani, Msasa alibeba moja la pleti mbili akampelekea mama mkwe wake. Mama huyo alikuwa mjane, akiishi peke yake katika nyumba ya vyumba viwili, ukuta kwa ukuta na fundi cherehani. Msasa alilifunga jiko mwenyewe, akaunganisha mpira wa mtungi, kisha akamshika mama mkono kwa adabu na kumwekea vidole juu ya kishikio.

"Hivi nimevichora mimi, mama."

"Wewe?" Mama mkwe akavipapasa vyote viwili, mbele na nyuma. "Laini kama shavu la mtoto mchanga!" Akaita kupitia ukutani, "Fundi! Njoo uone alichonitengenezea mkwe wangu!"

Fundi cherehani akaja na futi yake shingoni, akasifu, na Msasa akasimama katikati ya jiko la watu kama bwana harusi. Mama akammiminia chai. Alipomimina aliingiza ncha ya kidole ndani ya kikombe, akasimamisha birika chai ilipokigusa kidole. Msasa aliona, akadhani ni mazoea ya wazee. Akanywa chai yake, akaaga.

Ajali ilitokea asubuhi, watu wakiwa makazini. Mama alikuwa ameteleka maharage kwenye moto mdogo, akatoka uani kuanua nguo. Sufuria ikafurika, maji yakamwagikia moto ukazimika, gesi ikaendelea kutoka kimyakimya. Aliporudi, harufu ya maharage yaliyomwagika ikiwa bado imeifunika ya gesi, alisikia hakuna mvumo wa moto. Akapapasa kishikio. Kigongo kimesimama wima. Akajisemea, kumbe nilishazima, akaingia chumbani kujinyoosha kidogo, mlango wazi. Fundi cherehani ndiye aliyenusa. Aliacha shati la mtu chini ya sindano, akazunguka mbio, akafunga mtungi, akafungua madirisha, akamburuta mama hadi uani na kumlaza juu ya nguo alizotoka kuzianua.

Msasa alipigiwa simu na mkewe akiwa kazini. "Mama amesahau gesi wazi! Karibu tumpoteze!" mkewe alilia. Msasa akauliza swali moja tu: kishikio kilikuwaje? Mkewe hakumwelewa. "Kishikio gani? Nakwambia mama!" Lakini Msasa alishajua. Alijua akiwa bado ameshika simu, na Mama Pacha yuko hatua chache tu mbele yake, amempa mgongo, anachora. Alishuka ngazi bila kumwambia neno.

Alipofika, daktari wa zahanati alikuwa ameshamwona mgonjwa na kusema ni kichwa tu kitamuuma, apumzike. Mama alikuwa kitandani, na kando yake amesimama shemeji, kaka mkubwa wa mkewe. Shemeji huyu alikuwa mwalimu mkuu, na kwa kuwa kila siku alisema na watoto mia kadhaa waliopanga mistari, hata nyumbani alisema hivyohivyo.

"Mama, umri umekwenda," alikuwa anasema. "Hakuna ubaya. Akili ya mtu ni kama saa, inafika mahali inaanza kuchelewa."

"Nilizima," mama akasema. "Nilikigusa. Kilikuwa kimesimama."

"Mama, fundi amekikuta kiko wazi."

"Nimekwambia kilikuwa kimesimama!"

"Unaona?" mwalimu mkuu akawageukia wengine, kwa sauti ya chini ambayo kila mtu aliisikia. "Ndivyo inavyoanza. Halafu wanakuwa wakali."

Msasa alikuwa amesimama mlangoni. Maneno yalimjaa kinywani kama maji ya moto, hawezi kuyameza wala kuyatema. Ilikuwa rahisi: angesema, mama anasema kweli, kigongo kweli kilikuwa kimesimama, kosa ni langu. Akatazama jinsi mkewe alivyoushika mkono wa mama yake. Akatazama viatu vyake. Mwalimu mkuu akapitisha hukumu: mama asipike tena, jiko liondolewe, na kwa kuwa hawezi kuachwa peke yake, akakae kwa binti yake. Mama aligeukia ukuta. Wakati wa kulibeba jiko, mwalimu mkuu alishika upande mmoja na Msasa akashika wa pili, wakalitoa nje kama watu wanaotoa maiti.

Njiani kurudi mkewe alimwegemea begani. "Asante," akasema. "Kaka anaongea sana, lakini wewe umenyamaza kabisa. Si kila mkwe ana adabu kama yako."

Aibu ina namna nyingi za kumpiga mtu, na hakuna inayouma kama kusifiwa kwa lile lile linalokuchoma. Msasa akaitikia kwa kichwa. Toka siku hiyo akawa anamtafutia mkewe makosa madogomadogo, chumvi, pasi, mlango ulioachwa wazi, maana ukimya wa mke mwenye shukrani haukumpa mahali pa kukaa.

Mama mkwe akahamia kwao. Walimpa chumba cha mbele na kiti cha barazani, wakamkataza jikoni. Mwanamke aliyepikia watoto, wajukuu na misiba ya mtaa mzima akawa wa kukaa na kuletewa. Mwanzoni aligomba. Kisha akanyamaza. Akawa akiulizwa jambo, hata dogo, anasita kwanza, kama mtu anayepima daraja kwa mguu kabla ya kupita. Msasa alimwamkia kila asubuhi, "Shikamoo, mama," akainama, akapita haraka. Naye akajibu, "Marahaba, baba," bila kumtazama.

Jumamosi moja mchana Msasa alikuwa nyumbani, mkewe ametoka na watoto. Alikuwa sebuleni anatafuta chaja, dirisha la baraza liko wazi. Akasikia sauti ya mama huko nje, ndogo, kama ya mtu anayesali.

"Wa kwanza huyu mwalimu. Wa pili akafa na surua. Wa tatu binti. Wa nne yuko mbali, mke wake anaitwa... anaitwa..." Kimya. "Anaitwa nani, Mungu wangu." Kimya tena, kirefu, mpaka Msasa naye akajikuta anabana pumzi. Kisha jina likaja, akalisema mara tatu, akashusha pumzi. "Haya. Wajukuu sasa. Wa kwanza..."

Msasa alisimama pale na chaja mkononi. Alifahamu kwamba hiyo haikuwa mara ya kwanza. Mama yule alikuwa anajipa mtihani. Kila siku, barazani kwa Msasa, mbele ya macho ya mkwe wake, alikuwa anajikagua kama bado yumo.

Akatoka nje, akajifanya amepita tu. Mama akashtuka.

"Baba," akamwita kwa upole. "Leo ni Jumamosi, si ndiyo?"

"Ndiyo, mama. Jumamosi."

"Nilijua." Akavuta khanga yake magotini. "Usimwambie mtu kwamba nimeuliza. Watasema imezidi."

Msasa akarudi ndani, akaingia bafuni, akafungua bomba ili asisikike.

Jumatatu alifika kazini mapema, akamsubiri Mama Pacha. Alipoingia tu, akamweleza yote, toka mdomo wa kuku hadi bombani, bila kupumzika. Alitarajia matusi. Angeyapokea kwa raha, maana matusi nayo ni malipo. Mama Pacha alimsikiliza amesimama, mkoba bado begani.

"Sasa unanieleza mimi kwa nini?" akauliza. "Mimi nimeambiwa nimechanganyikiwa?"

"Sijui nianzie wapi."

"Unajua vizuri sana. Umeanzia kwangu kwa sababu kwangu ni rahisi." Akaketi, akawa kama anayetafuta kitu kwenye mkoba. "Na mimi sina mikono misafi. Ningeshuka kwa meneja siku ile. Niliogopa waseme nina wivu na kijana niliyemfundisha." Akafungua droo, akatoa kishikio cha kijivu, kile cha majaribio alichokitengeneza kabla ya ruhusa yake, chenye pembe. "Chukua. Ukifika huko usipige hotuba. Sema tu."

Msasa alimwomba mkewe amwite kaka yake. Hakusema kwa nini. Jumapili wakakusanyika sebuleni: mama kwenye kochi, mke wa Msasa kando yake, mwalimu mkuu kwenye kiti chenye mikono amekunja nne. Watoto walipelekwa nje. Msasa akaweka mezani vishikio viwili, kimoja alichokifungua kwenye lile jiko lililokuwa stoo, kingine cha Mama Pacha.

"Shemeji, umetuitia somo la ufundi?" mwalimu mkuu akatania.

"Mama hakusahau," Msasa akasema.

Akakohoa, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Akaendelea vipandevipande. Akaeleza kigongo kinavyosimama wima mara mbili, moto ukiwa umezimwa na moto ukiwa mdogo. Akaeleza kwamba palikuwa na pembe ya kutofautisha, kwamba yeye ndiye aliyeiondoa kwa sababu ilimchukiza macho na kwa sababu meneja alikuwa anatazama, kwamba mwenzake alimwonya naye akamjibu kwa kejeli. "Mama alipokigusa kilikuwa kimesimama, kama alivyosema. Kila alichosema kilikuwa kweli."

Mama alinyoosha mikono. Msasa akavichukua vile vishikio akampa, kimoja kila kiganja. Mama akavipapasa, akabadilisha mikono, akavipapasa tena. Kidole gumba chake kikatulia juu ya ile pembe.

"Ulijua lini?" akauliza.

"Siku ile ile, mama."

"Siku ile nimelala pale, mmenizunguka, naambiwa akili yangu ni saa mbovu. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Mama akaviweka vishikio mapajani. "Na kishikio mimi sina kesi," akasema. "Mtu anachora vibaya kama mtu anavyounguza maharage. Lakini uliniacha nijitafute, mwanangu. Nimekaa kwenye baraza lako nahesabu watoto wangu kwa vidole, naogopa kulala nisije nikaamka siwajui. Na wewe unapita. Asubuhi unaniambia shikamoo. Ile shikamoo ulikuwa unampa nani?"

Masikio yalimwaka Msasa. Alitazama mkono wake mwenyewe juu ya meza, akauona mzito na mgeni kama umeazimwa.

Mwalimu mkuu ndiye aliyepumua kwanza. Alikuwa amekunjua miguu. "Mama, mimi nilidhani..."

"Wewe ulidhani, ukatangaza," mama akamkata. Kisha akainamisha kichwa, na alipoongea tena ukali ulikuwa umempungua. "Na mimi nina langu. Hiyo alama nyeupe mnayoisema siioni. Hata wewe hapo ulipo nakujua kwa sauti. Yapata mwaka sasa naona kama niko nyuma ya chandarua. Sikusema, maana nilijua mtaninyang'anya jiko. Mficha maradhi, ndiyo hivyo tena. Mmeninyang'anya vilevile."

Binti yake akaanza kulia. Mwalimu mkuu akanyanyuka, akasema anakwenda kuwatazama watoto, akakaa huko nje muda mrefu bila kuwatazama watoto. Mtu angedhani aibu ikiwafika watu wengi katika chumba kimoja kila mmoja atabeba kipande. Haikuwa hivyo. Ya Msasa ilibaki nzima, yake peke yake.

Mkewe alianza kukusanya vikombe ambavyo havikuwa vimenywewa. Alipofika kwake alisimama na sinia mkononi.

"Nilikusifu," akamwambia polepole. "Nilikushukuru kwa kunyamaza."

Akaenda navyo jikoni. Siku nyingi baada ya hapo waliongea ya shule za watoto na ya maji kukatika, basi.

Kazini alimweleza meneja pia, na huko mambo yalikwenda kwa makelele. Meneja alimwita kila jina, mwisho akanyamaza, akakuna shingo na kusema walikuwepo wateja wengine waliolalamika, naye aliwajibu wasome maelekezo. Wenye majiko wakaitwa, madukani ikatangazwa kwamba vishikio virudishwe vibadilishwe, kalibu ikachongwa upya. Msasa akaondolewa kwenye kazi za majiko akarudishwa kwenye vifuniko vya ndoo. Hakubisha. Wenzake waliendelea kumwita Msasa, hawakuwa na nia mbaya, ila sasa kila likiitwa jina lile lilimkwaruza. Na mara kwa mara, akiwa amechagua kingo zote za kifuniko tayari kuziviringisha, kidole chake kilisita juu ya kipanya, akamgeukia Mama Pacha.

"Hii hapa niiondoe?"

"Ni ndoo, bwana," Mama Pacha anasema bila kugeuka. "Iondoe."

Mama mkwe alirudi nyumbani kwake, na jiko lake likarudi, vishikio vipya vikafungwa na fundi cherehani kwa kuwa Msasa hakuombwa. Wanawe wakampeleka hospitali ya macho. Ilikuwa ni mtoto wa jicho, pande zote mbili, akafanyiwa upasuaji jicho moja, likapona, kisha la pili. Msasa alimtumia salamu kupitia kwa mkewe. Salamu zikapokelewa, wala hazikurudi na chochote.

Mwishowe mkewe alimwambia, "Mama anauliza kwa nini huendi." Akaenda. Alimkuta jikoni, amesimama mbele ya moto, miwani mipya myeusi imewekwa juu ya paji la uso kama ya dereva. Msasa akasimama mlangoni.

"Shikamoo, mama," akasema, na neno lenyewe likamchoma ulimi.

"Marahaba." Mama akageuka, kijiko mkononi, akamtazama. Akamtazama kwa muda, toka kichwani hadi miguuni, kama mtu anayesoma barua iliyochelewa. "Kumbe una mvi," akasema. "Hawakuniambia. Na umekonda."

Msasa aliinamisha kichwa.

"Sikupasuliwa macho nije kutazama utosi wako," mama akasema. "Inua uso."

Akainua. Macho ya mama yalikuwa angavu, mekundu kidogo pembezoni, na hayakuwa na hasira, wala hayakuwa yamesamehe. Yalikuwa yanamwona tu. Msasa alijitahidi kuyastahimili, akaweza kidogo, kisha uso ukamshuka wenyewe. Mama akarudi kwenye sufuria yake, akakoroga.

"Kaa basi," akasema kwa mgongo. "Usisimame mlangoni kama mdeni. Chakula bado kidogo."

Msasa akavuta kigoda, akakaa.